Mgonjwa wa akili amefika akiwa amechachamaa: mwongozo kamili kwa muuguzi wa zamu

Saa saba usiku, ndugu wanne wanashuka kwenye pikapu wakiwa wamemshikilia kijana aliyefungwa kamba mikono na miguu. Anapiga kelele, anatoka jasho, anatukana kila anayemsogelea. Kituoni kuna tabibu mmoja, muuguzi mmoja na mlinzi. Mwongozo huu ni wa muuguzi huyo.

Makosa yanayorudiwa vituoni ni yale yale. Sindano inatangulia kipimo cha sukari. Mgonjwa anashikiliwa akiwa kifudifudi. Kisha akisinzia, watu wanashukuru Mungu na kutawanyika. Hilo la tatu ndilo baya kuliko yote. Anayepiga kelele, kwa vyovyote anapumua. Aliyelazwa chali na dawa bila mtu wa kumwangalia anaweza kuacha kupumua na isijulikane mpaka zamu ibadilike. Ndiyo maana sehemu ya baada ya sindano imepewa nafasi kubwa humu.

Dozi zilizotajwa ni za mtu mzima wa umri wa kati, na hutolewa kwa amri ya tabibu au daktari, au kwa utaratibu ulioandikwa wa kituo chako. Mtoto aliyechachamaa ni wa kupelekwa rufaa. Usijaribu kugawanya dozi ya mtu mzima kwa kukisia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla mgonjwa hajafika

Viweke vyote kwenye sanduku moja wodini. Visikae kwenye kabati ambalo funguo zake zimeondoka na mfamasia saa kumi jioni.

- Glukomita (kipima sukari ya damu) inayowaka, na vijiti ambavyo muda wake haujapita. Kipimajoto, mashine ya presha, oksimeta ya kidole, saa yenye mshale wa sekunde, na kurunzi ya kuangalizia mboni.
- Kipimo cha haraka cha malaria (MRDT).
- Haloperidoli, dawa ya kutuliza fujo ya ugonjwa wa akili: ampuli za 5 mg, zisipungue nne, na vidonge. Prometazini: ampuli za 50 mg/2 ml. Diazepamu: ampuli za 10 mg/2 ml na vidonge vya 5 mg. Kwa ajili ya madhara ya haloperidoli, biperideni ya sindano kama inapatikana, na vidonge vya benzheksoli, ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Artane.
- Dekstrosi (maji ya sukari) ya 10% au ya 50%, na thiamini (vitamini B1) ya sindano.
- Mabomba ya 2 ml na ya 5 ml, sindano za geji 21 (zile za kijani), kanula, glovu, pamba, spiriti, na kasha la kutupia sindano.
- Ambu (mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua) yenye barakoa ya mtu mzima, mashine ya kufyonza mate, oksijeni. Jaribu ambu kila mwanzo wa zamu. Mpira uliopasuka hauonekani kwa macho.
- Mkasi wa kukatia kamba. Ukae mfukoni kwa msaidizi, asiuone mgonjwa.
- Fomu ya uangalizi na kalamu.
- Maji ya kunywa kwenye kikombe cha plastiki.
- Watu watano. Mlinzi, mhudumu wa usafi, dereva wa gari la wagonjwa na ndugu wawili wenye nguvu na utulivu wanatosha, mradi umewapa kazi zao mapema.

## Hatua ya 1: Andaa chumba

Ondoa stendi ya dripu, chupa za kioo, trei la vifaa, na stuli inayoweza kurushwa. Vua stetoskopu na kamba ya kitambulisho shingoni, kwa sababu vyote viwili vinaweza kukunyonga. Zima redio. Taa iwake: giza humwongezea hofu mtu anayeona vitu visivyokuwepo.

Wewe simama upande wa mlango, lakini usiuzibe. Mgonjwa akiona njia ya kutoka imezibwa atapigana ili apite.

Toa watu wote isipokuwa ndugu mmoja. Chagua yule anayemwamini, ambaye mara nyingi ni mama au dada. Aliyemfunga kamba akae nje hata kama ndiye anayejua habari zake zote. Habari utazichukua kwake huko huko nje.

## Hatua ya 2: Ongea naye, na aongee mtu mmoja tu

Watu watatu wakisema "tulia" kwa pamoja hawasikiki. Chagua msemaji mmoja, wengine wanyamaze.

Simama umbali wa mikono miwili, mwili wako ukiwa upande kidogo, viganja vikionekana. Jitambulishe kwa jina na kazi. Mwite kwa jina lake pamoja na heshima ya umri wake: kaka, dada, mama, mzee. Mzee umwamkie shikamoo hata kama anatukana. Wagonjwa wengi huitikia marahaba katikati ya fujo, na hapo umepata pa kuanzia.

Sema sentensi fupi, moja moja, kisha subiri. Usibishane na anachoamini na usikubaliane nacho. Akisema majirani wamemtegea sumu, mjibu hivi: "Naona una hofu kubwa. Hapa hakuna atakayekupa kitu bila kukuonyesha kwanza." Umejibu hofu yake, na ya sumu umeyaacha yalipo.

Mpe uchaguzi ulio wa kweli: akae au asimame, anywe maji sasa au baadaye, ameze kidonge au achomwe sindano. Usimdanganye kwamba anapimwa presha tu huku mwenzako anavuta dawa nyuma ya pazia. Utafaulu usiku mmoja, halafu atakataa kila mwenye sare nyeupe kwa miaka.

Kuhusu kamba, anayejibu maneno akatwe kamba za miguu kwanza, kisha mkono mmoja, kisha wa pili, kila mara ukimwambia unachofanya. Asiyejibu chochote na bado anapigana, subiri hatua ya 6.

Jipe dakika 10 hadi 15 kwenye hatua hii. Wengi huiacha baada ya dakika mbili na kusema imeshindikana.

Tahadhari. Akianza kutembea huku na huko kwa kasi, kukunja ngumi, kukukazia macho bila kupepesa, au akanyamaza ghafla baada ya kelele, rudi nyuma hatua mbili na uwaite wasaidizi waonekane mlangoni. Akiwa na panga au kisu usijaribu kumnyang'anya. Toka, toa na wengine, funga mlango, ita polisi.

Umefaulu ikiwa amekaa, au amekubali kushikwa mkono apimwe.

## Hatua ya 3: Pima mwili kabla ya kuamini kwamba ni akili

Sukari kushuka, malaria kali, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa, kifafa kilichopita nusu saa iliyopita, kuacha pombe ghafla: vyote hivi vinaweza kumleta mtu akiwa amefungwa kamba. Ndugu watasema "amechanganyikiwa", na wewe ukiandika hivyo hivyo bila kupima, atatibiwa ugonjwa asiokuwa nao.

Anza na sukari, kwa sababu inapimwa kwa tone moja na hutibika papo hapo. Ikiwa chini ya 4 mmol/l, mpe dekstrosi ya 10% ml 150 hadi 200 kwa dakika 10 hadi 15, au ya 50% ml 50 polepole kwenye mshipa mkubwa, kisha pima tena baada ya dakika 15. Ya 50% ikivujia nje ya mshipa inaunguza nyama, kwa hiyo hakikisha kanula imekaa. Kama ni mnywaji wa muda mrefu au amekonda sana, mpe thiamini 100 mg pamoja na hiyo dekstrosi. Usicheleweshe sukari kwa kutafuta thiamini.

Kisha joto, mapigo, presha, oksijeni, na upumuaji uliohesabiwa dakika nzima. Fanya MRDT kwa kila mwenye joto. Pitisha kidole kichwani mwote chini ya nywele ukitafuta uvimbe au damu, na angalia mboni kama zinalingana. Kwa mwanamke, uliza ujauzito na tarehe ya kujifungua.

Dalili hizi zikuelekeze kwenye mwili:

- Hali imeanza ghafla, kwa saa au siku chache, na inabadilika: saa hii anakutambua, saa ijayo hajui yuko wapi.
- Anaona vitu, kama wadudu au watu wadogo ukutani, kuliko anavyosikia sauti.
- Joto la 38 au zaidi, shingo ngumu, degedege, au mboni zisizolingana.
- Ni mara yake ya kwanza kabisa kuugua hivi na amevuka miaka 45.
- Ametoka kujifungua wiki hizi. Mama huyu apimwe presha na joto na aangaliwe damu. Mtoto awe na ndugu mwingine. Asiachwe naye peke yake mpaka atakapotulia.

Kuna mtego mmoja zaidi. Mdomo mkavu kabisa, ngozi ya moto isiyo na jasho, mboni pana na mapigo ya kasi: uliza alikunywa dawa gani ya kienyeji. Kuna mimea inayoleta hali hiyo, na prometazini itaizidisha. Huyu hutulizwa kwa diazepamu na apelekwe rufaa.

Kama anakataa kabisa kuguswa, andika kwenye faili kwamba vipimo havijafanyika na sababu yake, kisha vifanye mara tu baada ya sindano. Watu husahau sehemu hii ya pili.

## Hatua ya 4: Maswali ya haraka kwa ndugu

Dakika tano zinatosha. Imeanza lini? Amewahi kuugua hivi? Anatumia dawa gani, na ameacha lini? Wapeleke wakalete paketi. Ana kifafa, kisukari, VVU, pumu? Amekunywa gongo, amevuta bangi, ametafuna mirungi, anatumia unga? Mara ya mwisho kunywa pombe ni lini? Amejaribu kujiua au kuumiza mtu? Amekula na kulala mara ya mwisho lini? Sindano gani iliwahi kumletea shida?

Swali la pombe ndilo litakaloamua dawa. Aliyeacha pombe siku moja hadi tatu zilizopita, anatetemeka mikono, anatoka jasho na kuona wadudu, anahitaji diazepamu ya kumeza, 10 hadi 20 mg, ikirudiwa kulingana na hali. Haloperidoli peke yake kwa huyu inaweza kumletea degedege. Aliye mlevi sasa hivi ni kinyume chake: diazepamu juu ya pombe inakandamiza upumuaji, kwa hiyo haloperidoli ndiyo afadhali.

## Hatua ya 5: Jaribu ya kumeza kwanza

Vituo vingi huruka hapa, eti mgonjwa wa namna hii hamezi. Wengi humeza wakiulizwa vizuri na wakipewa maji.

Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 2016, unashauri haloperidoli 2 mg, ya kumeza au ya msuli, kila saa hadi dozi tano, yaani isizidi 10 mg. Kwenye fujo ya hatari kabisa unaruhusu 5 mg ya msuli, irudiwe baada ya dakika 15 hadi 30 ikibidi, na isizidi 15 mg. Mzee apewe kidogo sana, 0.5 hadi 1 mg, kwa kuwa huanguka na kuvunjika nyonga.

Ya kumeza huchukua muda kufanya kazi. Usiongeze sindano baada ya dakika kumi kwa sababu ndugu wanalalamika. Kagua mdomo baada ya kumeza, chini ya ulimi na kwenye mashavu, kwa ruhusa yake.

Klopromazini ya sindano (Largactil) iacheni kabatini kama mna chaguo lingine. Inauma, inaacha uvimbe, na hushusha presha kiasi cha mtu kuzirai anapoinuka.

## Hatua ya 6: Kumshika na kumchoma

Fika hapa pale tu anapokaribia kujiumiza au kuumiza wengine, na maneno na vidonge vimeshindikana. Kumshika mtu kwa nguvu si matibabu wala adhabu. Ni njia ya kufikia sindano, na iishe haraka.

Gawa kazi kabla ya kuingia. Mmoja kichwani, ndiye kiongozi na ndiye pekee anayeongea. Mmoja kila mkono, mmoja kila mguu. Wewe unachoma. Dawa iwe imeshavutwa na lebo imesomwa na watu wawili.

Mlaze chali, kichwa kimeinuka kidogo na kugeuzwa upande. Shika juu au chini kidogo ya kiungo, usibane kiwiko au goti lenyewe. Mtu asikae kifuani, tumboni, shingoni wala mgongoni. Kifudifudi ni marufuku: kifua kinabanwa kwenye godoro, mgonjwa anahangaika apate hewa, na wanaomshika wanadhani anaongeza nguvu, wanakandamiza zaidi. Mjamzito alazwe ubavu wa kushoto.

Choma paja, upande wa nje, theluthi ya katikati. Wengi wamezoea tako, lakini ili ulifikie tako lazima umgeuze kifudifudi. Paja linafikika akiwa chali na liko mbali na mshipa mkubwa wa fahamu. Ingiza nyuzi 90, kina cha kutosha, sukuma polepole.

Dawa. Haloperidoli 5 mg pamoja na prometazini 25 hadi 50 mg ni mchanganyiko unaofanya kazi vizuri: prometazini huleta usingizi na wakati huo huo hukinga shingo isikakamae kwa sababu ya haloperidoli (angalia hatua ya 8). Diazepamu usiichanganye na dawa nyingine ndani ya bomba moja. Tena usiichome kwenye msuli kama kuna njia nyingine. Huko hunyonywa polepole na bila mpangilio. Unaona haijafanya kazi, unarudia, halafu dozi mbili zinapanda pamoja. Kama ni lazima, ipitie mshipani, isizidi 5 mg kwa dakika, na ambu iwe kitandani. Haloperidoli usiipitishe mshipani, kwa sababu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Wasaidizi wamwachie taratibu, kiungo kimoja kimoja, kichwa cha mwisho. Kushika kusizidi dakika kumi. Kama mnalazimika kumfunga kwa muda, tumia kitambaa kipana kama kanga iliyokunjwa, vidole viwili vipite chini yake, angalia rangi na joto la vidole vyake kila dakika 15, na daktari akague upya ndani ya saa mbili. Andika sababu, saa ya kufunga na saa ya kufungua. Minyororo na kamba za katani visitumike.

Umefaulu ikiwa ametulia, anaweza kujibu jina lake ukimwita, na hakuna aliyeumia. Kulala fofofo hakutafutwi.

## Hatua ya 7: Saa za baada ya sindano

Hapa ndipo wagonjwa hupotea.

Mlaze ubavu, mguu wa juu umekunjwa, kidevu kimeinuliwa kidogo ili ulimi usirudi nyuma. Kama kitanda hakina kingo, teremsha godoro sakafuni. Aibu ya kulala chini ni ndogo kuliko kuvunjika kichwa. Chandarua kiwepo, lakini usikishushe kiasi cha kukuzuia kuona kifua kikipanda na kushuka.

Awe karibu na meza ya wauguzi. Chumba cha mwisho mwa korido, penye mlango uliofungwa kwa kufuli, hakifai kwa mtu aliyechomwa dawa ya usingizi.

Pima kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kisha kila dakika 30 mpaka aweze kuamka na kutembea mwenyewe. Kila mara andika vitu sita: upumuaji kwa dakika nzima, oksijeni, mapigo, presha, anavyoitikia akiitwa, na amelalaje. Joto kila saa. Kama upo peke yako na mama mwingine anajifungua, mpe ndugu kazi moja tu: ahesabu kifua kikipanda, na akupigie kelele kikiwa chini ya mara kumi kwa dakika au akianza kukoroma.

Kukoroma kusikufurahishe. Mara nyingi maana yake ni kwamba ulimi umeziba nusu ya njia ya hewa. Inua kidevu, mgeuze vizuri, fyonza mate. Sauti ikiisha, ulikuwa sahihi.

Chukua hatua haraka ukiona haya:

- Upumuaji chini ya 10, au oksijeni chini ya 92%. Fungua njia ya hewa, weka oksijeni, mwite tabibu. Kama hapumui vya kutosha, tumia ambu, pumzi moja kila sekunde 5 hadi 6, na usimwache ukaenda kutafuta mtu. Piga kelele ukiwa hapo hapo.
- Namba ya juu ya presha iko chini ya 90. Mlaze sawa, inua miguu, asiinuke. Tabibu aamue kuhusu dripu.
- Haamki hata akitikiswa na kuminywa. Rudia sukari kwanza. Huenda ilishuka wakati amelala.
- Bado ana fujo baada ya dozi zilizoruhusiwa. Usiongeze. Rudia sukari, oksijeni na joto, na tafuta maumivu: kibofu kilichojaa, mfupa uliovunjika wakati wa kukamatwa. Prometazini huweza kuzuia mkojo, kwa hiyo gonga na kupapasa chini ya kitovu.

Andika saa kwa mfumo wa 24. "Saa nne" kwenye faili inaweza kusomwa asubuhi kuwa saa nne usiku au 04:00, na kati ya hizo mbili kuna dozi nzima. Andika 22:00. Andika pia jina la dawa, kiasi kwa mg, njia, mahali ulipochoma, na nani aliagiza. Mwenzako wa zamu ijayo apokee mgonjwa kitandani, pamoja na fomu, si kwa maneno ya korido.

Kwenye hizi saa anapolala ndipo unapomalizia yaliyoachwa hatua ya 3, na kuosha majeraha ya kamba. Kamba iliyokaa siku mbili inaweza kuua mishipa ya fahamu ya mkono: mwombe anyooshe kifundo na vidole akiamka, na andika kama hawezi. Kidonda kichafu kinahitaji chanjo ya pepopunda. Kama alipigwa, hapo Tanzania ndugu waelezwe kuhusu PF3, fomu ya polisi ya aliyejeruhiwa.

## Hatua ya 8: Dawa zinapogeuka

Shingo kupinda, macho kupanda juu, taya au ulimi kukaza. Hutokea ndani ya saa au siku chache za haloperidoli, hasa kwa vijana wa kiume. Ndugu watasema pepo amepanda, na wengine watamchukua wampeleke kuombewa. Waambie mapema kwamba inaweza kutokea na kwamba hutibika kwa dakika. Biperideni ya msuli, au prometazini 50 mg ya msuli kama hakuna, kisha benzheksoli ya kumeza kwa siku chache. Akipumua kwa sauti ya kukwaruza, koo limekaza: hiyo ni dharura.

Kushindwa kukaa. Anainuka, anakaa, anapiga mguu, anasema ndani yake kunawaka. Hii huchukuliwa kuwa ugonjwa umezidi, haloperidoli inaongezwa, na hali inakuwa mbaya maradufu. Muulize: "Je, unataka kutembea, au miguu yenyewe inakulazimisha?" Akijibu la pili, mweleze tabibu apunguze dozi.

Joto kali, mwili mgumu kama ubao, jasho, kuchanganyikiwa. Simamisha haloperidoli na dawa zote za aina yake, anza dripu, mpooze kwa maji, mpeleke rufaa usiku huo huo. Hii huua, na hufanana na malaria kali kiasi kwamba wengine hutibu malaria pekee.

## Hatua ya 9: Akiamka

Mweleze kilichotokea bila kumlaumu: alifika vipi, alichomwa nini na kwa nini. Mpe maji, uji, na nafasi ya kuoga. Mwulize ni kitu gani kingemsaidia asishikwe kwa nguvu, na kiandike. Ukaguzi huu mdogo hupunguza fujo akirudi tena.

Kisha muulize kuhusu kujiua, waziwazi: "Umewahi kufikiria kujitoa uhai? Umepanga vipi?" Kuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Akijibu ndiyo, ondoa mkanda, kamba za viatu na dawa karibu yake, asikae peke yake hata chooni, na ndugu wahifadhi dawa za kilimo na za panya nyumbani chini ya kufuli.

## Hatua ya 10: Rufaa au nyumbani

Rufaa ni ya lazima kama chanzo ni cha mwili na hamwezi kukitibu, kama ni mjamzito au mzazi mpya, kama anataka kujiua, au kama fujo haijatulia. Kwa Tanzania ngazi ya juu ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma, na Zanzibar ni Kidongo Chekundu. Lakini anzia hospitali ya mkoa, ambayo mara nyingi ina kitengo. Kumlaza mtu bila ridhaa yake, kwa Tanzania Bara, kunaongozwa na Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, kwa hiyo fomu zijazwe kabla gari halijaondoka. Safarini muuguzi akae upande wa kichwa, ambu mkononi, mgonjwa akiwa ubavu. Asifungwe kwenye bodi ya pikapu.

Anayekwenda nyumbani apewe dawa za kumeza za siku 7 hadi 14 na tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi. Benzheksoli mpe ya siku chache tu, kwani hutumiwa vibaya na huuzwa mitaani. Aliyeandikiwa klopromazini ajikinge na jua, hasa anayeshinda shambani au baharini.

Sindano ya muda mrefu ya flufenazini dekanoeti haitolewi usiku wa fujo. Inakaa mwilini wiki kadhaa. Shingo ikikakamaa huwezi kuitoa. Ianze akishatulia kwa vidonge na vimemkubali, 12.5 mg ya kwanza, kisha kwa kawaida 25 mg kila wiki nne. Ni mafuta: tumia bomba na sindano kavu kabisa, vuta ngozi ya tako pembeni sentimita mbili au tatu, choma, subiri sekunde kumi, ndipo utoe na kuachia ngozi. Dawa haitavuja wala kuacha uvimbe.

Ndugu wakisema watampeleka pia kwa mganga au kwenye maombi, usigombane nao. Omba mambo matatu: asifungwe, asinyimwe chakula na maji, na vidonge visikatwe. Andika namba ya simu ya mmoja wao kwenye rejista, na asipofika kliniki tarehe yake, mpigie wiki hiyo hiyo au mtume mhudumu wa afya ngazi ya jamii akamwone nyumbani.